Ukurasa wa Kwanza wa Historia ya Tate

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, kwenye veranda ya ofisi ya walimu, na kila mmoja nimempa kipande chake. Mwenzetu wa hesabu nilimsimulia ziwa, kwa sababu anapenda kusikia watu walivyotapika. Mkurugenzi nilimweleza kwa nini nilichelewa kurudi darasani. Wengine niliwaambia matanga yalikwenda vizuri, kisha nikabadilisha mazungumzo. Hilo la matanga si kweli. Basi naandika yote kwa mara moja, mpitishiane, na ikiwezekana msiniulize tena.

Mahagi

Mnakumbuka habari ilivyofika. Iliingia kwa phonie ya parokia, ile redio ambayo mtu mmoja wa Bunia anapiga kelele na nusu ya Mahagi inamsikiliza. Aliyezungumza alikuwa Baba Mukubwa, kaka yake marehemu baba yangu. Alisema Tate amefariki na wamekwisha kumzika. Kwetu tate ni bibi au babu, lakini mimi nilikuwa na Tate mmoja tu. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka mitano, na yeye ndiye aliyenichukua, akaniogesha, akanipeleka shule kwa kunivuta sikio.

"Matanga tutaondoa kisha siku makumi ine," sauti ya Baba Mukubwa ilisema kati ya mikwaruzo, yaani siku ya arobaini. "Weye njo utasoma historia. Usikose."

Walioishi kwetu wanajua uzito wa neno hilo. Siku ya kuondoa matanga, kabla chakula hakijagawiwa, mtu mmoja wa ukoo anasimama na kusoma maisha ya marehemu. Anaanza na mahali alipozaliwa, jina la baba yake, jina la mama yake, na ndugu waliomtangulia na waliomfuata. Halafu anashuka polepole mpaka ugonjwa wa mwisho. Historia isiposomwa hakuna anayekula. Na ikisomwa vibaya, wazee wanasema marehemu amezikwa nusu.

Nilinunua kaye mpya, daftari la shule, nikakaa mezani na kalamu yangu nzuri. Ukurasa wa kwanza niliuandika nyumbani, kwa mwandiko ule ninaowapigia wanafunzi kelele wauige. Nilijua kila kitu cha kuweka pale, maana Tate hakuwahi kuficha. Alizaliwa upande ule, akaolewa upande huu. Sitaji makabila, mnayajua, na siku hizi kuyataja tu ni kama kumnyooshea mtu kidole. Kabla ya vita lilikuwa jambo la utani pale nyumbani. Babu, mtu wa ng'ombe, alikuwa akisema, "Nilitoa ng'ombe wazuri, wakanipa jembe na mwanamke nyuma yake." Na Tate alikuwa akijibu kwamba ng'ombe wale walikufa zamani, lakini jembe bado linamlisha.

Ilikuwa kweli. Alikuja kwa mumewe na jembe la mama yake, akalima nalo hadi mpini ukabadilishwa mara ambazo hakuna anayezikumbuka. Alipanda maharage ya kwao, meupe yenye jicho jekundu, ambayo sikuyaona kwa jirani yeyote pale Bunia. Kila msimu wa kupanda yalikuwepo, hata mwaka ule ghala lilipochomwa. Sikuwahi kujiuliza yalitoka wapi.

Kushuka Mahagi-Port

Barabara ya kwenda Bunia kupitia Djugu ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo njia ilibaki ziwa. Nilishuka Mahagi-Port kwa pikipiki ambayo mnyororo wake ulikatika mara mbili. Mara ya pili dereva alikaa kando ya barabara, akaanza kuvuta sigara, nikaelewa kwamba sehemu iliyobaki ni ya miguu.

Mashua ya kwenda Kasenyi ilitakiwa kuondoka siku iliyofuata. Haikuondoka. Injini ilikuwa imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia, na fundi aliyeifungua alikuwa amekwenda kwenye msiba wake mwenyewe. Tulimngoja siku tatu. Nilikuwa na hasira na kila mtu: fundi, ziwa, mbu, hata Tate aliyechagua kufa wakati huu. Nililala nyuma ya duka la mama mmoja mchuuzi wa makayabu, samaki wa chumvi, aliyekuwa akingoja mashua ile ile. Walimwita Mama Furaha. Alinilisha bugali na samaki asubuhi na jioni, akanitazama nikila bila kusema asante.

Mchana nilikaa kwenye kivuli cha ukuta nikaendelea na historia. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanza. Mahagi-Port ilijaa wakimbizi wa Djugu, na mkimbizi akiona mtu mwenye viatu ameshika kaye na kalamu, anajua moja kwa moja kwamba wanaandikishwa kwa ajili ya msaada. Nilipoinua kichwa palikuwa na watu kumi na zaidi mbele yangu, wamejipanga mstari bila kuambiwa.

"Mwalimu, mie niko na batoto tano," alisema mwanamke wa kwanza. "Andika."

"Mama, mimi siandikishi. Naandika historia ya bibi yangu."

"Njo ile ile. Andika na yangu."

Nilieleza mara nne. Waliamini kwamba nawakatalia kwa sababu orodha yangu imejaa. Mzee mmoja alianza kulia, si kwa sauti, machozi tu, na mimi nilishindwa. Nikageuza kaye, nikaanza kuandika nyuma: jina, kijiji alikotoka, idadi ya watoto. Niliandika kurasa mbili. Walinishukuru, wakaenda zao wakiwa na matumaini ambayo nilikuwa nimewapa bure. Nilijisikia vibaya, lakini nilijisikia pia kama mtu mwema kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi sasa.

Juu ya ziwa

Siku ya nne injini ililia. Tulikuwa abiria wengi kuliko mbao za kukalia, na magunia ya makayabu yalikuwa na nafasi bora kuliko sisi. Tulifuata ufuko bila kwenda mbali, milima ikiwa kulia kwetu kama ukuta wa bluu. Maji yaliingia, tukayatoa kwa bakuli. Nilitapika samaki wote wa Mama Furaha, mmoja baada ya mwingine, na yeye akanishika shati kwa nyuma nisianguke.

Tumbo liliponyamaza aliniuliza naandika nini siku zote hizi. Nilimsomea. Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya darasani, nikiwa na fahari, maana sentensi zilikuwa zimekaa vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama abiria waliokuwa karibu, akashusha sauti.

"Mwalimu, ile page ya kwanza utapita nayo wapi?"

"Kwa nini?"

"Kule juu batoto ya bunduki banasomaka. Banajua kusoma, si kama zamani." Akachezea ncha ya kitenge chake. "Weye ni mutu ya upande yao, batakuachilia. Lakini bakiona damu ya tate yako, batasema weye ni nusu. Mutu ya nusu njo banachukia zaidi."

Nilimwambia kwamba Tate hakuwahi kuficha. Alinijibu kwamba Tate amekwisha kufa, mimi bado. Sikupenda jibu hilo. Nilifunga kaye, nikaiweka chini ya shati.

Kasenyi kupanda

Kasenyi nilinunua ndizi, nikaagana na Mama Furaha, nikapata nafasi juu ya lori lililobeba chumvi. Lori lilipanda mlima likihema. Wakati ule Bogoro, kijiji cha njiani, kilikuwa bado na watu. Nilikuwa nimeambiwa tutakunywa chai pale. Kabla ya kufika tulikuta bariere, kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, na vijana wenye silaha waliokaa kwenye viti vya darasani. Viti vile vilinichoma roho. Viliandikwa namba za shule kwa rangi nyeupe.

Walitushusha, wakapekua. Aliyechukua kaye yangu alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Aliifungua kutoka nyuma.

"Haya majina ni ya nani?"

Kurasa mbili za majina na vijiji, nusu yao vijiji vya upande ule. Nilieleza habari ya Mahagi-Port, mashua, wakimbizi, na kila nilivyoeleza ilizidi kuonekana hadithi ya kubuni.

"Weye uko unaandika batu ju ya nini? Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mimi ni mwalimu. Naenda kusoma historia ya bibi yangu kwenye matanga."

"Kaa pale. Komanda atakuja. Yeye njo anajua kusoma muzuri."

Alirudisha kaye mikononi mwangu, nadhani kwa sababu hakuona mtu anaweza kukimbilia wapi. Lori liliendelea bila mimi. Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigonga kidevu, tangu saa nne mpaka saa nane mchana. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni. Kilikuwa choo cha shimo kilichozungushiwa majani. Ndani nilifungua kaye.

Ningeweza kung'oa yale majina ya nyuma. Lakini yalikwisha kuonekana. Ukurasa wa kwanza ulikuwa haujaonekana na mtu. Niliung'oa taratibu, nikaukunja mara nne, nikautupa shimoni. Naandika hivi kwa sababu nilisema nitaandika yote. Kisha nikafunga kaye, nikarudi kwenye kiti.

Komanda alikuwa mtu mzima, mwenye miwani. Alisoma kaye nzima amesimama, na mimi nilimsahihisha kimoyomoyo kila alipotikisa midomo. Aliposoma sehemu ya jembe alitabasamu. Aliposoma jinsi Tate alivyokuwa akiniita "bwana yangu" mbele ya wageni mpaka nikaona haya, alicheka kabisa.

"Hata wangu alikuwa ananiita vile," alisema. Kisha akageuza karatasi mbele na nyuma. "Lakini haujaandika fasi alizaliwa."

"Nilisahau."

"Mwalimu anasahau kitu kama ile? Alizaliwa wapi?"

"Hapa hapa Bunia," nikasema.

Aliandika mwenyewe, kwa kalamu yake, juu ya ukurasa: *Alizaliwa Bunia.* Akanirudishia, akaamuru nipewe chai. Ilikuwa chai tamu, nikainywa yote.

Bunia

Nilifika siku yenyewe, saa tano asubuhi, kwa miguu na vumbi mpaka kope. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vimepangwa, masufuria ya wali na sombe, majani ya muhogo, yanatoka mvuke nyuma ya nyumba. Shamba la Tate lilikuwa nyuma ya jiko, matuta ya viazi bado yamesimama vile alivyoyapanga, na ng'ambo yake milima ya upande ule, karibu kiasi kwamba unaona moshi wa wapishi wao. Nilitaka kulia kwanza, lakini Baba Mukubwa alinishika bega akanipeleka kunawa uso.

"Baba Mukubwa," nilimwambia pale kwenye beseni, "mwanzo wa historia tunasemaje?"

Alikuwa amekonda.

"Weye njo mwalimu," alisema, akanipa taulo.

Kwenye viti vya mbele walikaa vijana wa mtaa, bunduki kati ya magoti. Walikuja kwa heshima. Mmoja wao Tate alimlisha utotoni. Nyuma yao wazee, kisha akina mama. Nyuma kabisa, karibu na ukuta wa jiko, alikaa mama mzee mwembamba aliyekuwa ameleta mzigo wa kuni. Nilimwona kwa sababu hakuketi juu ya kiti, aliketi juu ya kuni zake, ameshika kifurushi cha kitambaa mapajani. Nilidhani ni mchuuzi anayengoja kulipwa. Alinitazama moja kwa moja, kwa makini, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Nilisimama. Nilifungua kaye, na maandishi ya komanda yalikuwa pale. Sikuhitaji kaye, hilo mlijue. Ukurasa ule nilikuwa nao kichwani neno kwa neno, na bado ninao.

"Mama yetu Veronika Mave," nikasoma, "alizaliwa Bunia."

Wazee wote wa mtaa ule walijua, na wote walitazama chini. Baba Mukubwa alifuta miwani yake. Nikaruka baba, nikaruka mama, nikaruka ndugu, nikaingia kwenye ndoa. Kutoka hapo nilisoma vizuri, na watu walicheka palipostahili, na kwenye ugonjwa wake wakalia. Nilipomaliza, vijana wa mbele walinipigia makofi. Nilipotazama nyuma, kuni zilikuwepo na mama mzee hakuwepo.

Chakula kikagawiwa. Nilikula pia.

Asubuhi yake

Mama Dorika ni jirani ambaye alichota maji na Tate kwa miaka arobaini. Asubuhi alikuja kunisaidia kukunja turubai, ingawa palikuwa na watu wa kazi hiyo. Alisubiri mpaka tukabaki wawili.

"Ile mama ya kuni, ulimuona?"

"Nilimwona. Alilipwa?"

"Alipwe na nani?" Mama Dorika alikaa chini. "Ule ni mudogo ya tate yako. Ya kumufwata, tumbo moya. Lotsove."

Nilisema kwamba Tate hakuwa na ndugu aliyebaki hai. Alitikisa kichwa. Alisema kila msimu wa kupanda, tangu zamani, Lotsove alikuwa akileta mbegu sokoni na kumwachia yeye Mama Dorika, naye akimpelekea Tate. Vita ilipoanza soko likahamia porini, kisha likafa, lakini mbegu haikukosa. Lotsove alishuka kutoka milima ile, akapita katikati ya watu ambao wangemwua kwa kusikia tu anavyoongea, amebeba kuni kama mchuuzi. Njia nzima hakufungua mdomo.

"Nilimuambia asikuye. Akasema, 'Mutoto ni mwalimu. Atasema jina ya baba yetu mbele ya batu. Ninataka kusikia vile, kiisha nitarudia.'"

"Akasema nini alipoondoka?"

"Hakusema kitu. Aliniachia hii." Akanipa kifurushi.

Sikukifungua mbele yake. Nilikwenda mpaka mwisho wa mtaa, mahali njia inaposhuka mtoni kuelekea milima, na kulikuwa na bariere na vijana wale wale walionipigia makofi. Walinisalimia kwa heshima. Waliniuliza naenda wapi, nikasema natembea tu. Nilisimama pale nikitazama milima mpaka wakaanza kunitazama mimi. Kisha nikarudi nyumbani, nikaketi kwenye matuta ya viazi, nikalia hivyo hivyo, mtu mzima. Nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa msiba.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na maharage meupe yenye jicho jekundu.

Kurudi

Njia ya kurudi sina la kuisimulia. Ziwa lilikuwa tulivu, injini haikuharibika, komanda mwenye miwani alinipungia mkono. Mahagi-Port yule mwanamke wa watoto watano alinikimbilia, akaniuliza msaada utafika lini. Nilimwambia ukweli, naye akaniambia mimi ni mwongo, na sikumbishia.

Maharage nimeyapanda nyuma ya darasa la sita. Yameota. Wanafunzi wakiuliza ni ya nani, waambieni ni ya Mwalimu, wasing'oe. Na kwa kuwa sitapewa tena nafasi ya kusimama pale uani, naandika hapa ukurasa wa kwanza, kama ulivyokuwa, pamoja na sentensi moja ambayo wakati ule sikuijua.

*Mama yetu Veronika Mave alizaliwa nyuma ya Kpandroma, kwenye kilima ambacho watu wake walikilima tangu hakijapewa jina. Baba yake alikuwa Ngabu, mchonga mipini ya majembe. Mama yake alikuwa Dhena, aliyempa jembe lake siku ya kuolewa. Alikuwa mtoto wa tatu. Waliomtangulia wamekufa. Aliyemfuata ni Lotsove, yu hai, na alikuja kwenye matanga ya dada yake kwa miguu, akaketi nyuma ya wote, akangoja jina la baba yao, akaondoka bila kula.*